Siki ya Jikoni na Magugu ya Uwanjani: Ilikotoka, Inapofaa na Isipofaa

Mvua zikishaanza, swali hili hunifikia kutoka karibu kila kitongoji: "Bwana shamba, ni kweli siki inaua majani?" Wengine wameshatumiwa kipimo kwenye simu: siki lita nne, chumvi kikombe kimoja, sabuni ya maji kijiko kimoja, pulizia asubuhi na jioni uwanja umekauka. Wengine wameuziwa mnadani chupa isiyo na lebo, wakaambiwa ni "siki kali ya shambani".

Jibu fupi ni ndiyo, siki inaunguza majani. Lakini jibu hilo peke yake limewatia watu hasara, na lile la chupa isiyo na lebo linaweza kumtia mtu upofu. Kwa hiyo leo sitaanza na vipimo, nitaanza na historia. Binadamu amekuwa akitafuta kitu cha kumwaga badala ya kulima kwa zaidi ya miaka elfu mbili, na mafanikio na makosa tunayoyaona leo yalishatokea kwa wengine kabla yetu. Ukiyajua, utaamua mwenyewe ukiwa umesimama dukani na chupa mkononi.

Kabla ya dawa za chupa

Sehemu kubwa ya nchi yetu, uwanja wa nyumba ni udongo mtupu uliofagiliwa. Si kwa ajili ya urembo tu. Uwanja mweupe unakuonyesha nyoka kabla hajafika mlangoni, haumpi panya maficho, na ukianika mahindi hupotezi punje. Bibi zetu waliutunza kwa ufagio, jembe na mikono ya watoto.

Na jembe lenyewe lilikuwa mali. Wafipa waliyeyusha chuma katika tanuru za udongo zilizopita kimo cha mtu. Unyamwezini jembe lilikuwa bidhaa ya biashara, na sehemu nyingi lilitolewa mahari. Ukiona kitu kinatolewa mahari, ujue watu wamekithamini kwa sababu kinaokoa kazi.

Warumi nao walikuwa na shida hiyo hiyo. Yapata mwaka 160 kabla ya Kristo, mwanasiasa mmoja wa Roma mwenye mashamba, Cato, aliandika kitabu cha maelekezo ya kilimo. Humo anaeleza namna ya kuandaa uwanja wa kupuria nafaka: udongo uchimbwe na kulainishwa, umwagiwe maji meusi yanayobaki baada ya kukamua mafuta ya zeituni, uachwe uyanywe, kisha ushindiliwe. Alisema uwanja huo hautasumbuliwa na chungu wala hautaota majani.

Yashike mambo mawili hapo. La kwanza, Cato alitumia mabaki ya kazi nyingine, kitu ambacho tayari kilikuwa nyumbani na hakina soko. La pili, aliyamwaga mahali ambapo hakutaka kitu chochote kiote. Hakuyamwaga kwenye shamba la ngano. Mambo hayo mawili, gharama na mahali, ndiyo yatakayokuamulia kuhusu siki.

Siki ni nini hasa

Siki ni pombe iliyoachwa wazi. Watu wa pwani wanalijua hili vizuri: tembo la mnazi likigemwa asubuhi ni tamu, jioni linachangamka, likikaa siku kadhaa halinyweki tena, na mwishowe ni siki ya kutia kwenye kachumbari na samaki. Wanaokunywa ulanzi kule Iringa na mbege kule Kilimanjaro wanajua pia kwamba pombe haimngoji mtu. Siki imetajwa katika Biblia, na katika hadithi za Mtume Muhammad imesifiwa kuwa kitoweo kizuri. Ni kitu cha zamani sana na cha jikoni.

Kwa muda wote huo watu waliitengeneza bila kujua kinachotokea ndani ya mtungi. Miaka ya 1860 Mfaransa Louis Pasteur alionyesha kwamba kazi hiyo inafanywa na viumbe hai wadogo wasioonekana kwa macho, ambao hutumia hewa kugeuza kilevi kuwa asidi ya asetiki. Ule utando laini unaoelea juu ya pombe iliyochacha ni wao.

Hapa pana hesabu moja ambayo mkulima anapaswa kuijua. Kilevi cha asilimia 5 hutoa asidi ya karibu asilimia 5, si zaidi. Kwa kuwa bia na pombe nyingi za kienyeji ziko hapo au chini ya hapo, siki inayotokana nazo nayo huwa hapo au chini ya hapo. Mvinyo una kilevi zaidi, na siki yake inaweza kupanda kidogo. Chupa ya siki ya chakula unayoiona dukani kwa kawaida ni asilimia 4 au 5, yaani katika lita moja kuna asidi ya ujazo wa vijiko vitatu hivi vya chakula, kinachobaki ni maji. Siki ya asilimia 20 haitoki kwenye mtungi wa tembo. Hiyo ni habari nyingine, nitaifikia.

Ajabu ni kwamba watu wamependa kuisifia siki kupita nguvu zake tangu zamani. Livy, mwanahistoria wa Roma, aliandika kwamba Hannibal wa Carthage alipovuka milima ya Alps na ndovu wake mwaka 218 kabla ya Kristo, alikuta mwamba umeziba njia. Akawasha moto mkubwa juu yake, kisha akaumwagia siki mpaka ukalainika. Wasomi wanabishana juu ya habari hiyo hadi leo. Lakini angalia: moto ulikuwepo pale. Mwamba uliochomwa ukimwagiwa kitu cha baridi hupasuka, hata kikiwa maji. Siki ikaondoka na sifa. Kumbuka habari hii utakapoona mtu anachanganya siki na vitu vingine viwili, kisha anasema siki ndiyo iliyoua.

Siku asidi ilipoingia shambani

Wazee wa kahawa wa Kilimanjaro na Mbinga wanaujua mrututu, ile chumvi ya buluu ya shaba. Mwaka 1885 Mfaransa Millardet alitangaza kwamba mrututu ukichanganywa na chokaa unazuia ukungu wa zabibu. Dawa hiyo ikaenea. Mwaka 1896 mkulima wa zabibu wa huko huko Ufaransa, Bonnet, aliona kitu ambacho hakukitafuta: dawa ikidondokea haradali-mwitu, majani yake yanageuka meusi. Majaribio yakaonyesha kwamba mrututu wenyewe unaweza kuua haradali-mwitu ndani ya shamba la nafaka bila kuharibu nafaka. Likazaliwa wazo la dawa inayochagua.

Miaka ya 1910 Wafaransa wakaenda mbele zaidi, wakatumia asidi ya salfuriki iliyozimuliwa kwa maji. Asidi hiyo unaijua: ndiyo iliyo kwenye betri ya gari. Baadaye Waingereza nao wakaitumia. Walipulizia maji ya betri juu ya ngano, magugu yakafa, ngano ikabaki.

Ilibakije? Jani la ngano ni jembamba, limesimama wima na lina nta, kwa hiyo tone linateleza na kuanguka. Tena kichipukizi chake, mahali majani mapya yanapotokea, kimejificha chini karibu na udongo, kimefunikwa na maganda ya majani ya nje. Hata jani la juu likiungua, jipya linatoka chini. Haradali-mwitu ina jani pana lililolala, linapokea tone kama sahani, na kichipukizi chake kiko juu, wazi. Kikiungua, mmea umekwisha.

Ukielewa aya hiyo, umeielewa siki kuliko wengi wanaoiuza. Siki nayo ni asidi, na inafanya kazi kwa njia ile ile. Inapogusa jani inatoboa kuta za chembechembe zake, maji yaliyomo yanavuja, jua linamalizia. Haisafiri ndani ya mmea kwenda mizizini. Ilipogusa imeunguza, isipogusa hakuna kitu. Ndiyo maana mchicha pori na kishona nguo vikiwa vichanga vinakufa, lakini nyasi aina ya ukoka inakauka juu na baada ya muda mfupi imechipua tena.

Wale wakulima wa maji ya betri walilipa gharama nyingine pia. Asidi ilikula vyuma vya mabomba, ikatoboa nguo, ikaunguza mikono. Ilipotokea dawa nyingine iliyo rahisi kushika, wengi waliachana nayo.

Dawa zilizosahaulisha asidi

Dawa hiyo ilikuwa 2,4-D. Wataalamu wa Uingereza na Marekani waliitafiti kwa siri wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na mwaka 1945 ikaanza kuuzwa Marekani. Haikuunguza jani, iliiga homoni ya mmea, ikaingia na kusafiri ndani, mmea ukajipinda na kufa wenyewe. Na iliwaacha mahindi na ngano salama. Wengi wenu mmeshaitumia.

Mwaka 1962 ikaja parakwati, ambayo wengi mnaijua kwa jina la Gramoxone. Hii inaunguza majani kwa haraka kama asidi, lakini mtu akiimeza kidogo tu inaweza kumuua, na haina dawa ya kuondoa sumu yake. Umoja wa Ulaya uliiondoa mwaka 2007. Mwaka 1970 mkemia John Franz wa kampuni ya Monsanto aligundua kwamba glaifoseti inaua mimea, na mwaka 1974 ikaingia sokoni kwa jina la Roundup. Hii inasafiri mpaka mizizini, na kwa sababu hiyo hata ukoka na ndago viliipatia.

Halafu hofu ikaingia. Mwezi Machi 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka glaifoseti katika kundi la vitu ambavyo kuna uwezekano mkubwa vinasababisha saratani kwa binadamu. Mamlaka za udhibiti za Marekani na za Ulaya zilipitia ushahidi, zikasema ikitumika ipasavyo haielekei kuleta saratani. Mabishano hayo yakafika hadi mahakamani Marekani. Sitayaamua hapa. Ninachotaka uone ni kwamba watu wengi, hasa wenye bustani nyumbani na watoto wanaocheza uwanjani, walianza kuuliza: hakuna kitu cha jikoni kinachoweza kufanya kazi hii? Siki ikarudi kutajwa kila mahali.

Majaribio ya Beltsville

Bahati nzuri swali hilo lilikuwa limeshajaribiwa. Huko Beltsville, jimbo la Maryland, Marekani, kuna kituo cha utafiti cha wizara ya kilimo ya nchi hiyo. Mwaka 2002 mtafiti Jay Radhakrishnan na wenzake walitoa matokeo ya kupulizia siki ya nguvu mbalimbali kwenye magugu yanayosumbua mashamba yao. Mojawapo ni ndugu wa mchicha pori wetu. Walihakikisha majani yote yamelowa.

Siki ya asilimia 5 na 10 iliua magugu yaliyokuwa ndani ya wiki mbili za kwanza za maisha yake. Magugu yaliyokomaa yalihitaji siki kali zaidi. Kwa nguvu za juu, vifo vilikuwa kati ya asilimia 85 na 100 katika kila umri. Gugu moja la miiba, sugu sana kule kwao, lilikauka lote sehemu ya juu hata kwa asilimia 5.

Soma tena maneno hayo mawili: wiki mbili, na sehemu ya juu. Siki ya dukani inafaa kwa gugu changa lenye majani machache. Kwa gugu lenye mizizi ya kudumu, kinachokufa ni kile unachokiona. Mwenye ndago anajua kwamba ndago haiishi juu. Inaishi kwenye vile vinundu vilivyo chini ya ardhi. Ukiikausha juu kwa siki, umefanya kazi sawa na kuifyeka.

Chumvi: kosa la kale kuliko yote

Sasa wanakuja wenye kikombe cha chumvi. Ni kweli, chumvi inaongeza ukali, jani linakauka haraka zaidi. Tofauti ni kwamba siki ikidondoka kwenye udongo viumbe wa udongo huivunja kwa muda mfupi, ikaisha. Chumvi haivunjwi na yeyote. Inakaa, au inahama na maji kwenda usikotaka.

Watu wa kale waliijua chumvi kuwa alama ya uharibifu. Katika kitabu cha Waamuzi, Abimeleki alipouteka mji wa Shekemu aliubomoa na kuupanda chumvi. Utasikia pia kwamba Warumi waliipanda chumvi Carthage, mji wa Hannibal, walipouangamiza mwaka 146 kabla ya Kristo. Waandishi wa kale hawakuiandika habari hiyo. Iliongezwa karne nyingi baadaye. Lakini watu wameipokea kwa urahisi kwa sababu kila mkulima anaelewa maana yake.

Habari ya kweli na ya kutisha zaidi ni ya Mesopotamia, nchi ya Iraki ya leo. Huko walimwagilia mashamba kwa maji ya mito kwa karne nyingi, maji yakawa yanakauka na kuacha chumvi kidogo kidogo. Upande wa kusini ngano ilipungua, wakahamia kwenye shayiri kwa kuwa inavumilia chumvi zaidi, na baadaye hata shayiri ikashuka mavuno. Hakuna adui aliyewapandia chumvi. Waliijaza wenyewe, msimu kwa msimu. Ukitaka kuona mfano karibu, tembelea skimu ya umwagiliaji yenye tatizo la magadi, uone ardhi nyeupe isiyoota kitu.

Fanya hesabu. Kikombe kimoja cha chumvi kinazidi robo kilo. Ukirudia mara sita kwa mwaka, umemwaga zaidi ya kilo moja na nusu uwanjani. Mvua ikinyesha inaelekea wapi? Kwenye bustani ya mchicha, kwenye shina la mwembe, au kwenye kisima kifupi. India wamepulizia maji ya chumvi kali dhidi ya gugu karoti, lakini ni pembezoni mwa barabara na kwenye viwanja visivyolimwa. Ni kanuni ya Cato ile ile: mahali usipotaka kitu chochote kiote. Uwanja wako si mahali hapo, maana mwakani unaweza kutaka kupanda mgomba.

Na kwa kuwa nimelitaja gugu karoti, ambalo liliripotiwa Arusha mwaka 2010: usilipigie siki ukadhani umemaliza. Ling'oe na mzizi wake kabla halijatoa maua, vaa glavu na nguo ya mikono mirefu kwa sababu linawasha na kusumbua kifua, kisha litolee taarifa kwa afisa wa kilimo wa eneo lako.

Siki kali: hapa ndipo penye hatari

Nilisema siki ya asilimia 20 haitoki kwenye mtungi. Ilianza kupatikana kwa wingi wanakemia walipojua kuipata kwingine. Karne ya 19, Ulaya, walichoma kuni ndani ya vyombo vilivyofungwa, mfano wa tanuri la mkaa, wakapoza moshi wake na kuchuja asidi kutoka kwenye maji yaliyopatikana. Karne ya 20 viwanda vikaanza kuitengeneza kutokana na methanoli. Siku hizi asidi ya asetiki inatengenezwa kwa wingi mkubwa kwa ajili ya rangi, gundi na vitambaa, na inaweza kuuzwa ikiwa karibu safi kabisa.

Asidi hiyo si kitoweo. Ikizidi asilimia 11 inaweza kuunguza ngozi. Ya asilimia 20 ikiruka jichoni inaweza kuondoa uwezo wa kuona moja kwa moja. Mvuke wake unachoma koo na mapafu. Ikiwa safi, inashika moto. Na yote hiyo ni maji meupe, yanayofanana na maji ya kunywa, yanayonuka siki ambayo mtoto ameizoea mezani. Mtu akiitia kwenye chupa ya soda na kuiweka chini ya kitanda, ametega mtego ndani ya nyumba yake.

Kwa hiyo nakuomba: usinunue siki isiyo na lebo inayoonyesha asilimia. Ukiuziwa "siki kali" mnadani, iache. Ikimrukia mtu jichoni, osha jicho kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 15, kisha mpeleke kituo cha afya bila kuchelewa.

Namna ya kuitumia vizuri

Siki ya chakula ina mahali pake, na mahali hapo ni padogo: nyufa za sakafu ya nje, kingo za njia, chini ya uzio, kati ya matofali. Ni pale jembe lisipoingia. Fuata haya:

1. Piga magugu yakiwa na majani mawili hadi manne, wiki moja au mbili baada ya kuota. Ukichelewa, ng'oa.

2. Chagua siku ya jua kali, isiyo na upepo na isiyotarajiwa mvua. Piga saa tatu au saa nne asubuhi, umande ukiwa umekauka.

3. Tumia siki kama ilivyo, usiizimue. Unaweza kuongeza sabuni ya maji kijiko cha chai kwa lita moja. Sabuni haiui; inasaidia tone lisiteleze kwenye jani lenye nta. Chumvi usiweke.

4. Lowesha majani yote. Jani lililokosa tone litaendelea kuishi. Kinga mboga na maua yako kwa kipande cha boksi, maana siki haichagui kati ya gugu na nyanya.

5. Vaa miwani na glavu hata kama ni siki ya dukani. Usiichanganye kamwe na jiki: inatoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu.

6. Osha bomba kwa maji mengi baada ya kazi. Asidi inakula chuma, na ikirudiwa mara kwa mara inakula hata saruji.

7. Kagua baada ya siku moja au mbili. Yakichipua upya, umegundua kwamba ni magugu ya mizizi. Hapo chukua jembe au uma, toa mzizi.

Na gharama je? Ili kulowesha majani sawasawa, kadiria lita moja kwa eneo la mita 10 za mraba. Kwa njia ya mlangoni hiyo ni chupa moja au mbili. Ekari moja ina takriban mita 4,000 za mraba, kwa hiyo utahitaji lita 400. Zidisha kwa bei ya chupa ya dukani kwako, utaona mwenyewe kwa nini shambani sikushauri. Kuna dawa nyingine ya jikoni isiyo na gharama yoyote: maji ya moto. Maji yaliyochemka yakimwagwa kwenye nyufa yanaunguza gugu changa kama siki, nayo hayabakizi kitu. Kama ulikuwa umechemsha mihogo au maharage bila chumvi, usimwage maji yale ovyo. Yapeleke kwenye nyufa yakiwa bado yanachemka, watoto wakiwa mbali. Hapo unafanya alichofanya Cato na maji yake ya zeituni.

Kwa wewe mwenye duka

Wateja watakuja kukuuliza siki ya majani. Wauzie siki ya chakula katika chupa yake ya kiwandani, waeleze inaunguza magugu machanga na haiui mizizi. Mteja aliyeambiwa ukweli hurudi. Usichanganye mwenyewe, usipime kwenye chupa za maji, usibandike jina la dawa. Kiuatilifu chochote kinachouzwa nchini kinatakiwa kiwe kimesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, chini ya Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020. Ukiuza mchanganyiko wako kama dawa ya magugu umejitia matatani, na mtoto wa jirani akiumia hakuna faida ya chupa itakayolipa.

Ndugu msomaji, tangu uwanja wa Cato hadi Beltsville, kila kitu kilichomwagwa kuua magugu kimekuwa na bei yake: kingine kilikula chuma, kingine kiliacha chumvi, kingine kikaleta sumu. Siki ya jikoni bei yake ni ndogo kwa sababu nguvu yake ni ndogo. Ukiitaka nguvu kubwa, utalipa bei kubwa, na anayelipa anaweza kuwa mtoto wako.

Wiki hii, kabla hujanunua chochote, zunguka nyumba yako na uhesabu: magugu mangapi ni machanga ya mbegu, na mangapi ni ukoka, sangari au ndago. Ya kwanza yapelekee maji ya moto au siki. Ya pili yapelekee jembe, kaushia mizizi juani, na urudie kila yanapochungulia mpaka yachoke. Kama kuna gugu usilolitambua, ling'oe zima na mzizi wake, lifunge kwenye mfuko, ulilete ofisi ya kijiji siku ambayo afisa ugani yupo. Tutaliangalia pamoja.